Mficha Maradhi: Afya ya Akili ya Vijana na Wajibu wa Familia na Parokia katika Milima ya Usambara

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii huelekezwa mara nyingi kwa mwenye kidonda au kikohozi kisichopona, na ni nadra kuelekezwa kwa kijana ambaye mwili wake ni mzima lakini moyo wake umeelemewa. Baada ya Misa ya Dominika, iwe Lushoto mjini, Soni au Gare, waamini husalimiana kwa "Tumsifu Yesu Kristo", kisha wakaulizana habari za nyumbani, za shamba na za watoto. Jibu la kwanza huwa "nzuri". Mtu mzima mwenye shida huongeza neno moja dogo, "ila", na baada ya neno hilo ndipo shida yenyewe hutajwa: mtoto anaumwa, mvua imeharibu viazi, gari la mboga limekwama barabarani. Kijana aliyekata tamaa mara nyingi huishia kwenye "nzuri".

Makala hii inakusudia kuwasaidia wazazi, walezi, walimu, makatekista na viongozi wa vijana kuisikia hiyo "ila" kabla haijachelewa. Inaeleza maana ya afya ya akili, mizigo ya vijana wa milima yetu, mafundisho ya Mama Kanisa kuhusu wanaojitoa uhai, dalili za hatari, na hatua za kuchukua.

Afya ya akili ni nini?

Afya ya akili si kukosa wazimu tu. Ni ile hali ya mtu kuweza kufikiri, kuhisi, kufanya kazi, kupenda na kustahimili misukosuko ya kawaida ya maisha. Msongo wa mawazo humpata kila mtu na aghalabu hupungua sababu yake inapoondoka. Sonona ni jambo jingine: ni ugonjwa unaomfanya mtu akose furaha, nguvu, usingizi na matumaini kwa wiki nyingi mfululizo, hata pale ambapo watu wa nje hawaoni sababu. Mgonjwa wa sonona hawezi kujiponya kwa kuambiwa "jikaze", kama vile mgonjwa wa malaria hawezi kushusha homa yake kwa kukemewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hujitoa uhai, na kwa takwimu za mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Sehemu kubwa ya vifo hivyo, karibu robo tatu, hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaume hufa kwa njia hii karibu mara mbili ya wanawake. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya Ulaya, ya matajiri au ya wasichana waliolegea, wanakosea.

Mizigo ya vijana wa Usambara

Kila mahali pana mizigo yake. Katika milima yetu watu ni wengi na mashamba yamegawanywa mara nyingi tangu enzi za mababu, hata kijana anayeoa leo aweza kurithi kipande kisichotosha kulisha familia. Anayelima nyanya, karoti au kabichi hukopa mbegu, mbolea na dawa, kisha hupeleka mazao sokoni asijue bei atakayoikuta. Bei ikianguka, deni hubaki, na pamoja nalo hubaki aibu ya kukutana na mdai kila siku katika njia ileile ya kijijini.

Wapo wanaoshuka kwenda Tanga, Arusha na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mabinti wengi huenda kuwa wasaidizi wa kazi za ndani wakiwa bado wadogo. Anayerudi mikono mitupu, au anayerudi na jeraha ambalo hawezi kulisimulia, hukuta kijiji kinachomwuliza ameleta nini kabla ya kumwuliza anajisikiaje. Kwa wanafunzi, mwezi wa Januari ni mzito, kwa kuwa ndipo kwa kawaida matokeo ya Kidato cha Nne hutangazwa, na mtoto aliyebeba matumaini ya ukoo mzima huona alama zake zikisomwa na kila mwenye simu. Binti anayepata ujauzito akiwa shuleni aweza kuamini kwamba maisha yake yamekwisha, ijapokuwa tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango wa wasichana hao kurudi katika shule za mfumo rasmi baada ya kujifungua. Wengine hutafuta nafuu katika pombe ya miwa au mirungi, na nafuu hiyo huwaongezea mzigo.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya ambalo peke yake humfanya mtu ajitoe uhai. Wataalamu husisitiza kwamba sababu huwa nyingi na hufungamana: ugonjwa, hasara, ukatili, upweke, na juu ya yote hisia kwamba hakuna njia ya kutokea wala mtu wa kumwambia. Huo upweke wa mwisho ndio ambao familia na parokia zina uwezo wa kuuondoa.

Vifungo vitatu vya ukimya

Kwa nini kijana hasemi? Na kwa nini familia inayojua nayo hunyamaza? Aghalabu kuna hofu tatu.

Ya kwanza ni aibu. Tatizo la akili huhesabiwa kuwa laana ya ukoo, kazi ya wachawi au udhaifu wa imani. Familia huhofu kwamba habari ikisikika, dada zake mgonjwa hawataolewa. Hivyo mgonjwa hufichwa au huzungushwa kwa waganga miezi mingi kabla ya kufikishwa zahanati.

Ya pili ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho ni urithi wa sheria za kikoloni za Kiingereza. Katika nchi jirani ya Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Mjadala wa sheria ni wa wabunge na mahakama. Lililo letu ni kuhakikisha kwamba hofu ya kituo cha polisi haimzuii mzazi yeyote kumkimbiza mtoto wake hospitalini. Uhai hutangulia mengine yote.

Ya tatu inatuhusu sisi Wakatoliki moja kwa moja: imani iliyoenea kwamba aliyejitoa uhai amehukumiwa tayari, na kwamba Kanisa halimziki. Imani hii haimwokoi kijana aliye hatarini. Humfundisha tu kwamba mawazo yake ni machukizo yasiyotamkika mbele ya padre, na familia iliyofiwa huifanya iomboleze mafichoni.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Kanisa linafundisha wazi kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, nasi ni walinzi wake, si wamiliki. Kwa sababu hiyo kujiua ni kinyume cha upendo kwa Mungu, kwa nafsi na kwa jirani. Fundisho hili halijabadilika. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2280 hadi 2283, haiishii hapo. Inakiri kwamba maradhi makubwa ya akili, uchungu mkali au hofu nzito ya mateso vyaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake. Inatuasa tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa waliojitoa uhai, kwa kuwa Mungu anazo njia anazozijua Yeye peke yake za kuwapa nafasi ya toba, na inaeleza kwamba Kanisa huwaombea.

Ni kweli kwamba Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 uliwaorodhesha waliojiua kwa kusudi kamili miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Mkusanyiko mpya uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983 haukuwaweka tena katika orodha hiyo. Wazee wetu waliofundishwa zamani hawakudanganywa. Walifundishwa nidhamu ya wakati wao. Sisi leo tunao wajibu wa kuwafundisha watoto wetu nidhamu ya wakati huu, maana kuna familia ambazo bado zinaogopa kwenda kubisha mlango wa paroko.

Maandiko Matakatifu nayo hayaoni haya kuzungumzia kukata tamaa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Nabii Elia, aliyekuwa ametoka kushinda pambano kubwa mlimani Karmeli, anakimbilia jangwani kwa kumwogopa Malkia Yezebeli, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtwae roho yake. Tazameni Mungu anavyomtendea. Hamkemei wala hamhubirii. Anamwacha alale. Anamtuma malaika amguse, amletee mkate na maji, amwache alale tena, kisha amguse mara ya pili na kumlisha kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu. Mazungumzo makubwa ya Horebu yanakuja baadaye, baada ya usingizi, chakula na mguso. Mfuatano huu ni shule kwa kila anayetaka kumsaidia kijana aliyevunjika moyo.

Katika nyakati zetu, Sinodi ya Maaskofu ya Oktoba 2018 iliwatazama vijana, na Papa Fransisko aliiandikia matunda yake katika Wosia wa Kitume "Christus vivit", yaani "Kristo anaishi", wa tarehe 25 Machi 2019. Mwezi Novemba 2021 aliwaalika waamini wote wawaombee wanaosumbuliwa na sonona. Nia ya sala ya Papa Leo wa Kumi na Nne kwa Novemba 2025 ilikuwa kuzuia watu kujitoa uhai. Kama Khalifa wa Mtakatifu Petro amelitaja jambo hili mbele ya Kanisa zima, nasi tunaweza kulitaja katika jumuiya zetu.

Mlima wenye historia ya kuwahudumia wagonjwa

Kuwahudumia wagonjwa wa akili si jambo geni kwa milima hii. Huko Lutindi, juu ya Korogwe, wamisionari wa Kiinjili kutoka Ujerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, makao hayo yaligeuka kuwa mahali pa kuwahudumia wagonjwa wa akili, miongoni mwa vituo vya kwanza vya aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Hospitali ya Lutindi ingalipo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na inajulikana kwa kuunganisha dawa na kazi: wagonjwa hulima, hufanya kazi za mikono na kuishi kwa ratiba ya pamoja.

Upande wa Wakatoliki, tangu wamonaki Watrapisti walipofika Gare mwaka 1897, na hadi shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria Mazinde Juu ilipoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1989, Kanisa limewekeza katika akili za vijana kwa njia ya elimu. Kulinda afya ya akili hizo ni mwendelezo wa kazi hiyohiyo.

Dalili za kuzingatia

Hakuna dalili moja inayotosha kutoa hukumu, lakini mabadiliko yanayodumu zaidi ya wiki mbili yasipuuzwe:

- kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya kula, kulalamikia maumivu yasiyo na chanzo;
- kujitenga na marafiki, kuacha kwaya, mpira au mambo aliyoyapenda;
- kushuka ghafla kwa masomo, hasira za mara kwa mara, kuanza au kuzidisha ulevi;
- maneno kama "mimi ni mzigo kwenu", "mtakuja kupumzika", "hakuna maana";
- kugawa vitu anavyovithamini, kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, au kuwa mtulivu ghafla baada ya majonzi marefu.

Kijana aliyewahi kujaribu kujidhuru huko nyuma yumo katika hatari kubwa zaidi. Asidhaniwe kwamba alikuwa "anatafuta kuonewa huruma".

La kufanya unapomwona kijana yumo hatarini

*Mwulize waziwazi.* Wengi huogopa kwamba kumwuliza kijana kama anafikiria kujitoa uhai kutampandia wazo hilo. Si kweli, wataalamu wanathibitisha kwamba swali la upole hupunguza hofu na kufungua mazungumzo. Tafuteni mahali pa faragha, pengine mkiwa njiani au shambani, ambapo si lazima kutazamana usoni. Sema: "Mwanangu, naona siku hizi umelemewa. Je, umewahi kufikia kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo?" Kwa desturi zetu si kila kijana ataweza kumjibu baba yake. Mjomba, shangazi au bibi aweza kufaa zaidi, na si aibu kwa mzazi kumwomba mmoja wao msaada.

*Sikiliza kuliko kusema.* Usimlinganishe na wenzake, usimwambie kwamba wapo wenye shida kubwa zaidi, usimtishe kwa moto wa milele. Usiahidi kutunza siri ya jambo linalohatarisha uhai. Mwambie kwamba mtatafuta msaada pamoja.

*Usimwache peke yake.* Kama hatari ni ya karibu, awe na mtu usiku na mchana mpaka amefikishwa kwa mtaalamu.

*Ondoa vya hatari.* Katika nyumba za wakulima, dawa za kupulizia nyanya na kabichi zisikae chini ya kitanda wala jikoni. Zifungiwe kwa kufuli mbali na makazi, na ufunguo uwe kwa mtu mzima mmoja, au vikundi vya wakulima viwe na ghala la pamoja. Fikra za kujidhuru mara nyingi huja kama wimbi kali linalopita. Kinachokuwa mbali na mkono wakati wa wimbi hilo huokoa uhai. Sri Lanka ilipopiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa takriban asilimia 70, na inakadiriwa kwamba watu 93,000 waliokolewa kati ya mwaka 1995 na 2015.

*Mfikishe kwa wahudumu wa afya.* Anzeni na zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya. Kwa walio na hali ngumu kuna Lutindi na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, Dodoma. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, hivyo zisiachwe njiani bila ushauri wa daktari. Ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto husaidia pale penye ukatili. Kwa watoto, simu ya bure ya taifa ni 116.

*Salini pamoja naye.* Sala na Sakramenti si mbadala wa dawa, wala dawa si mbadala wa neema. Padre anayemsikiliza mgonjwa na kumhimiza aende hospitalini hajapungukiwa imani. Amemtambua Mungu pia katika kazi ya mikono ya daktari.

Wajibu wa jumuiya na parokia

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukusanyika nyumba kwa nyumba, na kwa hiyo huona mapema nani hajaonekana. Kiongozi wa jumuiya amtembelee kijana aliyeacha kuja, lakini asimsomee orodha ya michango anayodaiwa. Viongozi wa VIWAWA na wa Wanafunzi Vijana Wakatoliki, TYCS, wafundishwe dalili na namna ya kupeleka taarifa, maana kijana humwambia kijana mwenzake kwanza. WAWATA na UWAKA watenge kikao kimoja kwa mwaka, hasa karibu na tarehe 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, au tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wamwalike mhudumu wa afya. Shule za bweni ziwe na mlezi ambaye si yeye anayetoa adhabu. Na katika wiki ya matokeo ya mitihani, parokia iadhimishe Misa kwa ajili ya wote waliofanya mtihani, waliofaulu na waliokwama, ili mtoto asikie kwamba jina lake mbele ya Mungu halikuandikwa kwa alama.

Msiba ukitokea

Licha ya juhudi zote, msiba waweza kutokea. Hapo jumuiya ifike kama inavyofika kwenye msiba mwingine wowote: kuni, maji, unga, rozari na mikesha. Paroko apewe taarifa mapema bila kuficha. Mhubiri asimhukumu marehemu, wala asikipambe kifo chake kana kwamba ni ushujaa. Namna ya kifo isisimuliwe wala picha zisisambazwe kwenye simu, kwa kuwa simulizi za namna hiyo zaweza kuwavuta wengine walio dhaifu. Wazazi wasiulizwe walikosea wapi. Swali hilo wanajiuliza wenyewe kila usiku. Ndugu na rafiki za marehemu, hasa vijana, wafuatiliwe kwa karibu miezi kadhaa, maana nao wamo hatarini.

Wapendwa waamini, si kila mtu amejaliwa kuwa daktari au mshauri nasaha, lakini kila mmoja wetu anaweza kuchelewa kidogo baada ya salamu. Dominika ijayo, kijana akikujibu "nzuri", usiondoke. Mwulize tena, kwa sauti ya chini, kisha subiri jibu.